Kisanduku cha Tatu

Kosa langu la kwanza lilikuwa alama ya vema. Niliiweka kwa kalamu ya bluu, taratibu, bila kugusa kingo za kisanduku, kwa sababu nilikuwa mtoto wa namna hiyo: hata uongo niliuandika kwa mwandiko mzuri. Nilikuwa na miaka kumi na minne, mwaka wangu wa pili Landani, na shule yetu ya Peckham ilikuwa imetugawia fomu ya kuchagua namna ya kusoma Kifaransa kuanzia Septemba. Visanduku vilikuwa vitatu. Cha kwanza kilikuwa cha vipindi vya kawaida, mara tatu kwa wiki, pamoja na kundi kubwa la watoto ambao bado walikuwa wanajifunza kuagiza mkate. Cha pili kilikuwa cha kundi la haraka, ambalo lingefanya mtihani mwaka mmoja kabla ya wenzao. Cha tatu kilikuwa cha darasa dogo ambalo lingesoma historia na jiografia nzima kwa Kifaransa, na maelezo yake yalisema linawafaa wale ambao tayari wanaitumia lugha hiyo nyumbani. Chini palikuwa na mstari wa kujaza: lugha ya nyumbani. Nikaandika Kifaransa. Nyumbani kwetu Kifaransa kilikuwa salamu za kanisani na majina ya dawa. Mama aliweka sahihi pale nilipomwonyesha kwa kidole, akauliza ni karatasi ya nini, nikamwambia ni ya vitabu.

Nayakumbuka haya sasa, miaka tisa baadaye, kwa sababu wiki tatu zilizopita tumemzika Madamu Perrin, mwalimu wa darasa lile dogo. Trésor ndiye aliyenipigia simu. Yeye alizaliwa Kinshasa, na darasani Kifaransa kilimtoka mdomoni kama mtu anayetema maganda ya karanga, bila kufikiri. Tulikutana nje ya kanisa dogo Croydon, yeye ndani ya suti ya ofisini, mimi ndani ya koti nililoazima, na neno lake la kwanza lilikuwa jina alilonipachika wakati ule. "Kaseti," aliniita. Kisha akaniambia, nusu Kiingereza nusu Kifaransa, kwamba mwaka ule wote darasa zima lilikuwa linaniogopa, kwa kuwa niliandika kila kitu walichosema, hata matani yao, na walidhani nimetumwa kuwapeleleza. Nilicheka. Sikumwambia kwamba niliyaandika matani yao ili niende kuyatafuta kwenye kamusi, nijue kama ni mimi wanayemcheka.

Watu wakiniuliza kwa nini nilidanganya, huwa najibu kwamba nilikuwa mtoto. Jibu la kweli linanitia aibu zaidi. Tulikuwa tumetoka Uvira, Congo, tukakaa miaka mingi Kigoma, ng'ambo ya ziwa, na huko Kigoma ndiko nilikosoma, kwa Kiswahili. Nilipofika Landani waliniweka mwaka mzima katika chumba cha watoto wasiojua Kiingereza, chumba chenye picha za matunda ukutani, na niliapa sitarudi katika chumba chochote cha kusaidiwa. Halafu kulikuwa na kanisa letu, juu ya duka la mazulia, ambapo waliojua Kifaransa walikaa viti vya mbele na kusoma matangazo, na Kiswahili kilianza baada ya ibada, nyuma, kwenye sinki, kati ya akina mama wanaoosha sufuria. Tuliishi kwa Mama Riziki, mwenzetu wa Uvira aliyetangulia kufika na kutupokea, mimi na Mama chumba kimoja, yeye chumba cha pili, katika flati ya ghorofa ya nne. Alikuwa mwema na alikuwa na jibu la kila kitu. Siku ya fomu ile alikuwa anageuza bugali, mwiko mikono miwili, sufuria ameibana kwa goti. "Hawa batu ba huku bakisikia Congo, banataka kusikia Kifaransa," alisema. "Usibapatie shida." Mama, aliyekuwa anachambua ndakala, dagaa wa kwetu, aliitikia. Nikachukua maneno hayo kama ruhusa.

Somo la kwanza lilikuwa jiografia, mito ya Ulaya. Chumba kilikuwa mwisho wa ukumbi, kimepanda joto kwa sababu ya rejeta ya ukutani ya kupashia joto, iliyokwama, na Madamu Perrin, mwanamke mwembamba mwenye mvi zilizokatwa fupi, aliongea dakika hamsini nisipate zaidi ya majina ya mito. Wengine kumi na mmoja waliinamisha vichwa wakaandika. Mimi niliandika pia. Niliandika sauti tu, kwa herufi za Kiswahili, kurasa nne, na jioni nikakaa mezani kwa Mama Riziki na kamusi ya maktaba nikijaribu kuzigeuza sauti zile ziwe maneno. Hivyo ndivyo nilivyoishi miezi ile. Niliazima maktaba kaseti zote za Kifaransa zilizokuwepo, nikazisikiliza ndani ya basi mpaka betri zikalegea na yule mtangazaji akaanza kuongea kama mlevi. Nilikariri kurasa nzima za kitabu cha historia kabla somo halijafika, ili nikiulizwa nijibu kwa aya iliyokamilika. Ukurasa wenye kosa moja niliuchana, nikaunakili upya. Nilikuwa natapika chooni kila Jumanne na Alhamisi kabla ya kipindi, kimya kimya, kisha nasukutua na kuingia wa kwanza darasani. Alama zangu za kuandika zilikuwa za juu kuliko za Trésor. Nikiambiwa nieleze tu nilikula nini jana, nilikuwa bubu.

Kama kosa lingeishia shuleni, nisingekuwa na kisa hiki cha kuandika. Oktoba tulikwenda kwa wakili aliyeshika kesi ya Mama ya kuomba hifadhi. Mimi ndiye niliyekuwa mdomo wake. Hivyo ndivyo ilivyo kwetu, mtoto aliyesoma ndiye anayesema na ofisi. Karani alikuwa kijana mpole mwenye mafua. Aliuliza maswali, mimi nikamnong'oneza Mama, Mama akaninong'oneza, nikajibu. Karani hakuwa na namna ya kujua lugha tuliyonong'onezana. Alipofika kwenye swali la lugha gani Mama angependa kutumia siku ya kuhojiwa na uhamiaji huko Croydon, sikumgeukia Mama. Nilisema Kifaransa. Nilijibu haraka sana, kama mtu anayeondoa mkono motoni. Kichwani mwangu palikuwa na mzee fulani mwenye miwani, ndani ya lile jengo kubwa la uhamiaji, mezani pake kuna karatasi ya shule na karatasi ya wakili, anazisogeza zikae ubavu kwa ubavu. Karatasi moja inasema nyumbani ni Kifaransa, nyingine inasema Kiswahili. Familia hii ni ya waongo. Sikuwa na mtu wa kumuuliza kama mzee huyo yupo. Mama aliniuliza karani amesema nini. Nikamwambia: serikali inataka mahojiano yawe kwa Kifaransa.

Tulitembea mpaka kituo cha basi. Pale akaniuliza, kwa sauti ya chini, kama serikali haijui kwamba yeye alikomea darasa la nne. Nikamwambia nitamfundisha. Nilisema hivyo kwa furaha kidogo, na hilo ndilo linalonichoma mpaka leo. Nilikuwa nimepata mwanafunzi.

Tulianza Novemba, kila siku nikitoka shule, kabla Mama Riziki hajarudi kutoka kwenye nyumba ya wazee alikofanya kazi. Meza ilikuwa na kitambaa cha plastiki chenye maua ya njano, na Mama alikuwa akiifuta mara mbili, akavaa kilemba, akakaa wima kama yuko mbele ya watu. Mpango wangu ulikuwa kuandika masimulizi yake yote kwa Kifaransa, sentensi fupi fupi, kisha ayakariri kama mimi nilivyokariri mito. Yeye alisema kwa Kiswahili, mimi nikatafuta, nikaandika, nikasoma, akarudia. Ulimi wake ulikataa. Alikuwa akirudia sentensi moja mara thelathini, jasho juu ya mdomo, halafu ananitazama kuona kama nimeridhika, na mimi sikuridhika kamwe. Nilimsahihisha. Niligonga meza kwa kalamu. Mwanamke aliyenivusha ziwa mgongoni alikuwa ananiomba msamaha kwa matamshi yake.

Na masimulizi yenyewe nilikuwa siyajui. Nilijua tulikimbia, sikujua kwa nini usiku ule na si mwingine. Nilijua Baba hakurudi. Sikujua kwamba Mama alimwona. Haya yote niliyapata mezani pale, neno moja moja, mengine nikiwa nimeshika kamusi kwenye kurasa za herufi fulani. Siku moja alifika mahali ambapo askari waliingia ndani na kufunga mlango. Akasema sentensi moja kwa Kiswahili cha kwetu, sentensi ya kuzungukazunguka, bila kunitazama. Nikaanza kufunua kamusi. Aliweka mkono wake juu ya ukurasa.

"Usitafute ile neno, papa," alisema, kama akina mama wa kwetu wanavyomwita mtoto wa kiume. "Andika tu: balitupiga."

Nikaandika: walitupiga. Nilikuwa na miaka kumi na minne na sikuwa mjinga. Nilijua kwamba tumeacha kitu nje ya karatasi, na kwamba kitu hicho kimeachwa kwa sababu mshika kamusi ni mimi. Nilijua pia, kwa sababu karani wa mafua alituambia, kwamba siku ya mahojiano ndiyo siku ya kusema kila kitu, na kwamba kitakachosahauliwa siku hiyo kitakuwa kigumu kuaminiwa baadaye. Hata hivyo nilifunga kamusi nikaendelea na aya iliyofuata. Mambo niliyowahi kufanya kwa woga ni mengi, lakini hilo ndilo ninaloliona kila ninapofumba macho.

Barua ya Croydon ilikuja Januari: mahojiano, wiki ya pili ya Machi, mkalimani wa Kifaransa ataandaliwa. Mama Riziki alishangilia kwamba tarehe imetoka. Mama aliacha kula vizuri. Nilimsikia, mimi nikiwa bafuni na mlango umebaki wazi kidogo, akimwambia Mama Riziki kwamba anaona serikali hii imeweka Kifaransa makusudi, kama mtego, ili wapate sababu ya kuwarudisha watu wa kijijini na kubakiza wa mjini. Mama Riziki akamwambia aombe Mungu. Nilikaa sakafuni bafuni, mgongo kwenye bomba la moto, mpaka ngozi ikaniuma. Mtego niliuweka mimi.

Kilichoniokoa kilikuwa uzembe, mimi nisiyekuwa mzembe. Mwishoni mwa Februari nilikabidhi daftari la jiografia likiwa na karatasi ndani yake, ukurasa wa tatu wa masimulizi ya Mama. Madamu Perrin aliniita wakati wa chakula cha mchana. Alikuwa ameweka kopo la chakula chake juu ya rejeta ili lipate moto, na mbele yake palikuwa na chungwa na karatasi yangu. Aliniuliza kwa Kifaransa ni ya nani. Nikalitazama chungwa. Akaniuliza kwa Kiingereza, na hapo nikaelewa kwamba alikuwa ameshajua siku nyingi kwamba Kifaransa sikijui, kwa sababu hakuonekana kushangaa kuibadili lugha. Alimenya chungwa, akanipa nusu. Nikiwa nimelishika, maji yake yakinitiririkia kwenye mkono wa sweta, nilimwambia yote: kisanduku, kaseti, choo, karani, mzee mwenye miwani na karatasi zake mbili, na mkono wa Mama juu ya kamusi.

"Na nani angezilinganisha hizo karatasi?" aliuliza.

Nikamwambia yule mzee. Akaniambia mzee huyo hayupo. Alisema hivyo bila kucheka, kama mtu aliyekwenda kumtafuta jengo zima akamkosa. Kisha akaitazama tena karatasi. "Hakuna kosa hata moja hapa," alisema, "na hakuna mtu ndani yake. Kesho saa sita mchana tutampigia wakili kutoka ofisi yangu, abadilishe lugha. Lakini mama yako lazima ajue leo, na lazima alisikie kutoka kwako."

Njia ya kurudi nyumbani niliipita mara mbili. Nilifika kwenye lifti, nikageuka, nikatembea mpaka kwenye duka la wigi na viazi vikuu, nikarudi. Mama alikuwa jikoni anapika sombe ya pakiti, kile kisamvu kilichogandishwa, anaivunja kwa kijiko ndani ya sufuria. Nilisimama mlangoni na mkoba mgongoni. Nilikuwa nimepanga maneno, kwa mpangilio, kama aya ya historia, na yote yalinitoka vibaya, mwisho kabla ya mwanzo. Alizima jiko. Sombe ikaendelea kuchemka peke yake kidogo, halafu ikatulia.

"Kwa hiyo serikali haikuulizaka," alisema.

"Iliuliza, Mama. Mimi ndiye niliyejibu."

Alikaa kwenye kiti cha jikoni, kile chenye mguu mmoja mfupi. Nilisubiri kofi. Alinyoosha kitambaa cha sahani juu ya paja lake, akakikunja mara mbili, akakikunjua.

"Hii myezi yote nilikuwa nawaza banataka kuona nikishindwa," alisema. Baadaye sana, nikiwa nimeanza kulia, akasema tena, si kwa hasira: "Ntasema mu Kiswahili. Batafute mwanamuke wa kunigeuzia. Na weye, papa, hautaingia mule."

Nilidhani hilo lingekuwa nafuu. Miezi mitano nilikuwa nimeomba mtu aniondolee mzigo ule, na mtu aliyeniondolea alikuwa yeye, na nilihisi nimefukuzwa nyumbani. Wakili alibadilisha lugha kwa simu moja ya dakika nne. Madamu Perrin alinihesabia kwenye saa yake ya ukutani, labda makusudi.

Machi tulikwenda Croydon, treni kisha tramu vituo viwili, Mama amevaa koti la Mama Riziki juu ya kitenge. Mahojiano yalichukua zaidi ya saa nne. Mimi nilikaa ukumbini kwenye kiti kilichokazwa sakafuni, na kamusi ndani ya mkoba kwa sababu nilikuwa nimeizoea tu. Sikuifungua. Kuta zilikuwa nene na sikusikia hata sauti yake, na nilijua kwamba ndani ya chumba kile neno lile lilikuwa linasemwa, kwa lugha niliyozaliwa nayo, mbele ya watu wasionijua, na kwamba ndivyo inavyotakiwa. Mlango ulipofunguliwa, wa kwanza kutoka alikuwa mkalimani, mama wa makamo mwenye mtandio, Mtanzania wa Tanga kwa lafudhi yake. Alikuwa anatembea haraka. Aliponifikia alisimama, akaweka kiganja juu ya kichwa changu.

"Pole, mwanangu," alisema, akaenda zake.

Mama alitoka nyuma yake. Aliomba chipsi. Tulikula tumesimama kwenye kituo cha tramu, yeye akipuliza kila moja, na hakusema chochote kuhusu chumba kile. Hajasema mpaka leo, na mimi sijauliza.

Shuleni, Madamu Perrin alinipa fomu mpya ya visanduku vitatu, tupu, akaniachia nichague. Niliweka alama kwenye cha kwanza. Nilikwenda kukaa na wanaoagiza mkate. Trésor alipita dirishani akanionyesha kwa kidole, akauliza kwa sauti kama Kaseti imeisha upande wa kwanza. Jumanne iliyofuata sikutapika. Nilikosea neno la siagi mbele ya watoto thelathini na nikabaki hai, ingawa sikulala vizuri kwa wiki nzima; sitaki kusema kwamba nilipona. Barua ya uhamiaji ilikuja Julai. Mama aliruhusiwa kubaki. Mama Riziki alipiga magoti palepale kwenye zulia, na Mama akaingia chumbani akalala siku mbili, akiamka kunywa maji tu.

Kanisani Croydon, kwenye mazishi, walitaka mmoja wa wanafunzi wa Madamu Perrin asome kwa Kifaransa. Walinitazama mimi. Nikamgeukia Trésor, akasoma yeye, vibaya, analia, anaruka mistari, na hapakuwa na mtu hata mmoja ambaye hakumwelewa. Nilikaa nikafikiri kwamba mimi ningesoma bila kosa.

Mwezi uliopita nilimsindikiza Mama hospitali, kipimo cha macho. Siku hizi anafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, ile ile ya Mama Riziki. Mhudumu alinikabidhi mimi fomu na kalamu, kama wanavyofanya daima. Chini palikuwa na mstari wa lugha ya mgonjwa. Nilikuwa nimeshaanza kuandika herufi ya K, ya Kiswahili. Nikasimama, nikamsogezea Mama karatasi na kalamu. Aliisoma polepole, midomo inacheza, akaikata ile K yangu kwa mstari mmoja, akaandika pembeni yake, kwa herufi kubwa zilizolala upande: Kiingereza. Akaniambia wale wazee wake hawajui kingine.

Siku hizi simjibii Mama.